Jini Aliyevaa Sanda ya Bibi

Mwezi uliopita nilipanda hadi Kisarawe kununua bafta ya sanda yangu. Usishtuke, rafiki yangu. Ukifika umri wangu unajinunulia mwenyewe vitu vyako, watoto wasije wakakimbizana madukani msiba ukiwa mlangoni. Kijana wa dukani alinitandikia jora zima mezani, akaniuliza kwa bashasha, "Ni ya sare ya shughuli, bibi?" Nikamjibu ndiyo, ni shughuli, ila tarehe yake sijaambiwa. Akacheka. Mimi nikawa nafunua lile jora mpaka mwisho wake, natafuta muhuri wa tausi. Hapakuwa na tausi. Bafta za siku hizi zina kikaratasi tu cha kubandika, ukikivuta kinatoka. Nikalipa, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nainuka, nahama kiti, naenda dirishani kuangalia kitu ambacho hata sikijui. Binti yangu anadai ni presha. Si presha, ni shangazi yangu, na nisipokusimulia habari zake leo hata usiku sitalala.

Enzi za Mwingereza nilikuwa naishi na bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya makuti mteremkoni Kisarawe, mikorosho nyuma, kisima mbali. Wazazi wangu walikuwa wanalima Chole, nami nililetwa kwa bibi ili nisome chuo cha Kurani. Watatu tu ndani: bibi, mimi, na shangazi, mdogo wake baba, aliyeachika mara moja na hakutaka kusikia habari ya mume mwingine. Shangazi alikuwa hawezi kukaa. Akikuna nazi anaacha katikati anaenda kuchungulia barabarani. Akipika bada, ule ugali wa muhogo, anaimba, anacheza, bada inaungua. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Bibi alikuwa akituangalia asubuhi tunavyogongana mlangoni, anatikisa kichwa, anasema amelaaniwa kulea kuku wawili wa kienyeji.

Siku moja alipita Mzungu mwembamba mwenye gari bovu, pamoja na karani wake kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatengeneza sinema za kutisha, zile fupi, za kuonyesha vijijini kwa gari la sinema. Karani aliwaendea wanawake waliokuwa wakibangua korosho barazani kwa jirani, akaeleza kwamba bwana anatafuta mwanamke anayejua kupiga ukelele. Shangazi alikuwepo; wenzake wakaona haya. Shangazi akaweka jiwe chini, akapanua kinywa. Jirani alimwaga beseni zima la korosho, na mbuzi wa mwalimu wa chuo alikata kamba. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufa. Kwenye sinema ya kwanza alikufa maji akarudi kuwa jini wa mtoni. Kwenye ya pili alikufa kwa wivu wa mke mwenza, akarudi kumkaba mume. Walikuwa na kamera moja, mwavuli mmoja, na vifaa vyote vilivyobaki vilitoka jikoni kwetu. Uso wa mzuka ulikuwa unga wa muhogo; jua likipanda, jasho linaukanda, na hadi saa sita shangazi alikuwa na donge la ugali kidevuni. Meno ya jini yalichongwa kwa nazi. Alikuwa anarudi nayo jioni yakiwa yamefungwa kwenye jani la mgomba, ananipa nile. Nimekula meno ya majini wengi mimi, tena kwa chai ya mchaichai.

Bibi hakuipenda kazi ile hata kidogo. "Kifo hakichezewi, mwanangu," alikuwa akimwambia, na shangazi anamjibu, "Mama, mimi nakufa saa nne, saa kumi nimesharudi kukutekea maji."  Lazima ujue kwamba bibi alikuwa na sanda yake mwenyewe. Aliinunua kwa korosho za misimu miwili, bafta nyeupe, pande zima la mwisho wa jora, lile lenye muhuri wa buluu wa kiwandani: tausi amefungua mkia, mpana kuliko kiganja changu. Aliiweka kwenye kasha chini ya kitanda, na kila mwaka mwezi wa Shaabani aliitoa, akaianika, akaifukizia udi, akaikunja upya. Siku hiyo alikuwa haongei na mtu. Nilikuwa nashika pembe moja tukikunja, na niliona mikono yake inavyotetemeka. Hakuwahi kuniambia kama anaogopa, lakini alikuwa anaogopa.

Basi bibi akaenda Chole kwenye hitima ya ndugu yake, siku tatu. Jioni ile ile shangazi akarudi kutoka kazini amechachamaa. Sinema ya tatu inaanza kesho, yeye ndiye maiti anayefufuka, na Mzungu hana nguo ya kumvika. Karani ameleta shuka la kijani! Alizunguka chumbani kama mara kumi, halafu akachutama mbele yangu.

"Mwanangu, ufunguo wa kasha bibi anauweka wapi?"

Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nalala na bibi, na ufunguo ulikuwa ndani ya chungu cha chumvi. Nilijua pia ndani ya kasha mna nini. Nikamwuliza, "Utanichukua nikaone?" Akasema atanichukua. Nikaenda nikautoa kwenye chumvi kwa mkono wangu mwenyewe, na hadi leo nikichota chumvi nakumbuka ulivyokuwa na ubaridi.

Tuliondoka alfajiri na gari bovu mpaka Ruvu, kwenye matete. Kibaha siku hizo ilikuwa msitu na vishamba vya watu wachache, na njia nzima nilikuwa nasimama garini, karani ananikalisha, nasimama tena. Shangazi alizungushiwa ile bafta mwili mzima, akalazwa kwenye shimo, akafunikwa majani. Alipoinuka polepole kutoka ardhini, mweupe, mrefu, nguo ikiburuzika nyuma yake, nilisahau kwamba ni shangazi. Nilijikojolea. Ila yeye mwenyewe alichoogopa ni mamba tu. Kila akiambiwa asogee majini, jini linauliza kwanza kama kuko salama.

Mkosi ulikuja mwishoni. Mzungu alitaka damu. Bila kumwuliza mtu, alichukua kopo la mbegu nyekundu za mzingefuri zilizopondwa kwa mafuta, akammwagia shangazi kifuani. Shangazi alipiga ukelele, na ule haukuwa wa sinema. Mzungu akafurahi, akazungusha kamera yake.

Tulifua usiku, tukafua asubuhi, kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande. Wekundu ulififia ukawa rangi ya chai, pale pale kifuani, hautoki. Tukaikunja doa likiwa ndani, tukairudisha kashani, ufunguo kwenye chumvi. Bibi akarudi na kisamvu cha Chole, akatupikia.  Shangazi aliniambia atanunua bafta nyingine kabla ya Shaabani, atabadilisha kimya kimya, bibi hatajua. Lakini Mzungu alikuwa mzito kulipa, na miezi ilikuwa inahesabika. Nikawa sili, situlii chuoni, namaliza siku nzima naenda jikoni kutazama kile chungu cha chumvi. Mwalimu aliniuliza kama nina minyoo.

Kabla Shaabani haijafika, gari la sinema likaja Kisarawe.

Walitundika nguo nyeupe kati ya mikorosho miwili uwanjani, injini ikaanza kunguruma, na baada ya magharibi mji mzima ulikuwa umekaa kwenye majamvi. Shangazi hakuwepo, alikuwa Ruvu anakufa kwenye sinema ya nne. Mimi niliomba bibi asiende. Nilisema ninaumwa tumbo. Majirani wakamshika mkono, twende mama, ukamwone binti yako! Akaja, akakaa, mimi pembeni yake. Kwanza tukaonyeshwa namna ya kuchimba choo. Halafu yakaja matete ya Ruvu, na ardhi ikaanza kupasuka.

Watu walipiga mayowe. Wanaume wazima waliruka majamvi. Jini liliinuka, likatukodolea macho, likapasua kinywa na kuonyesha meno yale niliyoyala, kisha likageuka kuondoka zake. Na lilipogeuka, ile ncha ya nguo ikaburuzika karibu na kamera, na tausi akatokea, mkubwa mno, amefungua mkia uwanja mzima.

 Kisha jirani yetu akapaza sauti: "Jamani, jini kavaa nguo ya dukani!" Mji mzima ukaangua kicheko. Watu walilia kwa kucheka, wakaomba irudiwe, na ikarudiwa. Bibi alikuwa amenishika mkono. Aliubana mpaka vidole vikafa ganzi, na hakucheka. Alinyanyuka, akapita katikati ya watu, nami nyuma yake.

Nyumbani aliwasha koroboi, akachukua ufunguo, akaifunua sanda kitandani mpaka doa likatokea. Aliligusa. Halafu akaninusisha kidole chake, kilikuwa na harufu ya ndimu.

"Wewe ndiye uliyemwonyesha ufunguo."

"Ndiyo, bibi."

"Nenda kalale."

Afadhali angenichapa. Nilikaa macho nikisubiri anichape.

Shangazi alirudi siku ya tatu. Alishapata habari njiani, maana watoto walikuwa wanamfuata wakiimba "Tausi, tausi." Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama." Bibi akaendelea kupembua mchele. "Shikamoo, mama." Ungo ukapepetwa. Wewe unajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ina maana gani. Siku ya kwanza haikuitikiwa, wala ya pili, wala ya tano. Shangazi, yule asiyeweza kukaa, alikaa. Hakwenda Ruvu. Karani alikuja na gari, akapiga honi, akaondoka peke yake. Kila alfajiri nilisikia ile sauti yake mlangoni, inazidi kuwa ndogo, na sikusikia jibu. Nililia sana siku zile, maana ufunguo ulitoka mkononi mwangu.

Siku ya sita bibi aliikunja sanda, akaniambia niibebe, tukaenda kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu alilitazama lile doa, akauliza ni damu ya nini. Nikamwambia ni mzingefuri. Akainusa, akasema hizo ni mbegu, si najisi, nguo ni safi, hata pilau tunatia. Bibi alishukuru, tukarudi nyumbani.

Jioni tulikuwa watatu uani, tunabangua korosho, moshi unatuingia machoni. Ghafla bibi akauliza, bila kuinua uso, "Humo ndani kukoje?"

Shangazi hakuelewa. "Ndani ya wapi, mama?"

"Ndani ya sanda. Ulipolala shimoni. Kukoje?"

Shangazi akaweka jiwe chini. Alifikiri kwa muda mrefu, yeye ambaye huwa hafikirii kitu. "Kuna joto, mama," akasema. "Mwanzo moyo unakwenda mbio. Halafu unasikia watu huko juu wanaongea mambo yao, mmoja anakula muhogo, mmoja anamwomba mwenzake kiberiti. Majani yananukia. Unasikia udi wako. Mimi nilisinzia. Walinitikisa ndipo nikafufuka."

"Ulisinzia?"

"Nilikoroma, mama."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na sikujua tena kama anacheka au analia. Kesho yake alfajiri nilisikia sauti mlangoni, "Shikamoo, mama," na kutoka kitandani, karibu kabisa na sikio langu, "Marahaba, mwanangu." Shaabani ilipofika tulianika sanda pamoja sote watatu, na mikono ya bibi haikutetemeka.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa masika. Shangazi alikuwa ameshanunua bafta mpya, safi, haina doa. Lakini bibi aliacha neno: anataka ile ile. Mwanamke mwosha alisita, mwalimu akasema ifanyike. Watoto tulifukuzwa, ila mimi na miguu yangu isiyo na adabu nilirudi kupitia uani, nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Shangazi alikuwa anamwosha mama yake, anamwambia kwa sauti ya chini, usiogope mama, kuna joto tu. Lile doa alilikunja kwa ndani, likaelekea kifua cha bibi. Ncha yenye tausi ikafungwa miguuni.

Baada ya hapo shangazi hakuvaa tena nyeupe kwenye sinema. Alimwambia Mzungu kuwa jini lake sasa linavaa kaniki nyeusi. Mzungu alibembeleza, akafoka, akaleta bafta mpya. Shangazi akakataa. Basi wakapiga sinema mbili za jini la kaniki, na kwenye ile nguo iliyotundikwa mikoroshoni lilikuwa halionekani, meno tu ya nazi yakipita gizani. Watu walirusha maganda. Mzungu akauza gari, akaenda kwao. Kazi ya shangazi ikaishia hapo, na alizeekea Kibaha, mtaa wa Pangani, akiuza maandazi, akihama kila mwaka chumba kwa chumba. Alikufa mara nyingi yule kabla hajafa, na ya mwisho sikuwahi kufika.

Mikorosho miwili ya uwanjani imekatwa. Nyumba ya makuti haipo, kisima kimefukiwa. Binti yangu, baada ya kuniona ninavyozunguka na hii bafta isiyo na muhuri, ameniambia zile sinema za zamani huenda zimehifadhiwa ng'ambo, atanitafutia kwenye simu yake. Nimemwambia atafute. Kisha nikamwambia asitafute. Jana nikamwambia atafute.

Bibi hakupigwa picha hata moja maisha yake yote. Sura yake inanitoka kidogo kidogo, mdomo umeshapotea, yamebaki macho na ule mkono. Kwa hiyo binti akiipata, usoni pa jini sitaangalia sana. Nitasubiri ligeuke. Nitasubiri ile ncha ipite karibu, maana ndicho kitu pekee cha bibi yangu ambacho huenda bado kinatembea duniani.