Sauti Yangu Bila Waitikiaji

Nilivunjika nyonga asubuhi nikifungua zizi. Mtamba mmoja alikuwa na haraka kuliko mimi, basi. Watu walisema ni uzee, wengine wakanong'ona uchawi. Nilisukumwa na ng'ombe. Hospitali walinitia vyuma, na nilipotoka hospitali mwanangu hakunirudisha kwangu Mtinko. Alinileta kwake hapa Mandewa, akasema nitakaa mpaka nipone. Nikapona, natembea na fimbo. Akasema nitakaa mpaka mvua ziishe. Zikaisha. Siku hizi hasemi tena mpaka lini.

Nyumba yake ni nzuri, sikatai. Sakafu ina vigae, na darini kuna feni isiyo na kazi, maana Singida upepo ni wa bure. Imezungushiwa ukuta wa matofali, na juu ya ukuta wamepanda vipande vya chupa. Mwanangu na mkewe wakienda kazini geti linafungwa kwa kufuli, kwa sababu jirani aliwahi kuibiwa. Dirisha langu lina nondo. Nikichungulia naona tangi la maji la jirani na kipande cha mbingu. Asubuhi nasikia mbuzi wa watu wakipita barabarani, siwaoni.

Kazi hakuna. Mchele unatoka dukani umeshapepetwa. Siku moja nilichukua ufagio, mke wa mwanangu akaupokea mkononi mwangu kwa heshima zote, akasema, "Mama, pumzika." Sijawahi kumpiga mtu kwa kosa la heshima, lakini siku ile nilimwangalia sana.

Kinachonifunga ni choo. Choo changu cha Mtinko ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na daktari alikataza nisichuchumae. Mwanangu amelishika neno hilo hataki kuliachia. Nikitaja kuku wangu, ananijibu choo. Nikitaja shamba, choo. Nilimwambia kwamba ng'ombe wangu wanachungwa na jirani ambaye hajui hata yupi anapiga teke, akasema ndiyo mama, lakini choo.

Nilifungiwa pamoja na mjukuu wangu, binti yake, aliyemaliza kidato cha sita akawa anangoja chuo. Waliambiana kwamba anamwangalia bibi. Nilijua naye amefungwa kwa ajili yangu, kwa hiyo sikumsumbua sana. Tulitaniana. Mimi humwita mke mwenzangu, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, naye husema mume tuliyegawana hakumwachia hata mbuzi.

Alikuwa na kompyuta ya kukunja, na shughuli yake kutwa ilikuwa kuzichambua nyimbo za watu. Siiti kazi maana hailipwi. Anachukua wimbo, anaitoa sauti ya mwimbaji peke yake, magitaa na ngoma anayaweka kando, kisha sauti ile anaitengenezea ngoma nyingine ya kichwani mwake. Nikamuuliza mwenye wimbo ana habari? Akasema ni kujifurahisha tu yeye na marafiki zake, hauzi. Nikamwambia hata anayechuma mboga kwenye shamba la mtu kwa kujifurahisha, jina lake ni lilelile. Alicheka, akanivika vile vya masikioni nisikilize.

Sauti ilitoka tupu. Ilikuwa ya kijana mmoja aliyekuwa anapigwa redioni kila siku, na siku zote nilimdhania ni mtu mwenye nguvu. Bila ngoma nilimsikia akihema na kumeza mate. Nikamwambia huyu anahema kama kabeba ndoo. Akasema, "Bibi, pumzi hiyo ndiyo ninayoitafuta." Nyuma ya sauti kulikuwa na mabaki ya ngoma, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba ya mbali. Nikamwambia hayo ni makapi, hujapepeta vizuri. Tangu hapo naye akawa anaita makapi.

Sasa, siku niliyopelekwa hospitali, watu walinifungia mfuko wa nguo kwa haraka. Walitia kitenge cha kanisani, ndala moja ya kushoto, na kanda ya redio ya zamani. Nani aliona mgonjwa wa nyonga anahitaji kanda, sijui. Mjukuu wangu aliikuta siku anatafuta ndala ya pili. Nikamwambia ni sisi tukipura mtama, na anayeongoza wimbo ni mimi. Aliishika kama kifaranga.

Lazima nieleze kupura kwetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Wanawake wa boma husimama uwanjani na fimbo, mtama umetandazwa chini, mnapiga kwa zamu. Mke aliyetoka kwao akaolewa hapo anaruhusiwa kuongoza wimbo, na ndani ya wimbo anasema lolote ambalo jikoni hawezi kulisema. La mume, la mama mkwe, lolote. Lakini mawifi, mabinti wa boma lile, ndio wanaoitikia, na wanaitikia mapema, kabla neno lako halijatua, ili walio uwanjani wasikie na wanaume waliokaa pembeni wasisikie. Mtama ukishaingia ghalani, yaliyoimbwa hayaulizwi. Kuimba si kusema. Aliyesema amesema.

Mume wangu alikuwa amenunua redio ya kaseti na alitafuta kila sababu ya kuionyesha. Mwaka huo aliiweka kwenye kigoda karibu yangu, akabonyeza, akaenda kukaa na wenzake. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni. Niliimba kwa Kinyaturu, na maneno yake kwa Kiswahili ni haya: ng'ombe wamefunguliwa, mimi nani atanifungulia? Mawifi wakaitikia: kaa, mtama haujaisha. Nilikuwa sijakwenda kwetu tangu niolewe. Kila nikiomba kulikuwa na kupalilia, au mgonjwa, au mgeni. Mume wangu aliisikiliza kanda ile akasikia fimbo na kelele za wanawake, akafurahi. Miaka mingi aliwapigia wageni. Mimi nilipita katikati yao na kibuyu cha pombe ya mtama, nawamiminia, na kanda inaomba nifunguliwe.

Fundi redio wa mjini akaihamishia kanda kwenye flashi, mjukuu wangu akaanza. Mara ya kwanza mashine ilitupa fimbo zote, ikawaacha wanawake wote pamoja. Akasema haitoshi. Akaijaribu kwa programu nyingine, ya kutenganisha anayeongoza na wanaomwitikia. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Alikataa kula. Nilimwambia mtama wenyewe haukutusumbua hivyo. Kilichomsaidia ni kwamba mimi nilisimama karibu na redio kuliko wengine, kwa hiyo mashine ikajua kunishika.

Aliniletea nikiwa nimekaa barazani naangalia geti. Akanivika. Nikamsikia mwanamke kijana, koo lake halina mkwaruzo, akiimba kwa Kinyaturu kwamba ng'ombe wamefunguliwa, yeye nani atamfungulia. Halafu kimya. Nilingoja. Mkono wangu ulikuwa umeinua fimbo ya kutembelea bila kuniuliza, maana hapo ndipo fimbo hushuka na mawifi huingia. Hawakuingia. Akahema, mtoto akakoroma mgongoni, mwanamke akauliza tena. Tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia swali lile bila mtu wa kuniambia kaa.

"Bibi, anasema nini?" mjukuu akaniuliza. Kinyaturu hakijui, mama yake ni wa mkoa mwingine, na humu ndani ni Kiswahili.

"Anasema habari za ng'ombe," nikamwambia. Sikumdanganya.

Alifurahi sana. Alichagua maneno yale yale kwa uzuri wa mlio wake, akayakata, akayarudiarudia, na chini yake akatia ngoma ya vijana inayotikisa vikombe. Jumapili akautuma kwenye kundi la simu la ukoo. Nilikaa kwenye kochi na mto mgongoni, akinionyesha majibu: vikaragosi vinavyocheza, na wajukuu wangu walioko Dar es Salaam wamejipiga picha wakikata viuno kwa maombi yangu. Mwanangu alikuwa mezani na sahani yake, anatikisa kichwa kufuata ngoma, wala hasikilizi. Nikaona nimerudi palepale, kasoro kibuyu tu.

Ndipo wifi yangu akapiga simu kutoka Unyambwa. Ni dada wa marehemu mume wangu, na kati ya walioitikia siku ile amebaki yeye. Mjukuu akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa kwa sababu ya sikio langu, tukasikia wote.

"Wifi," akasema, hata habari hakuuliza, "nani kakuacha uimbe peke yako kama mwizi?"

Nikamwambia ni mjukuu wake na mashine yake.

"Mashine imenitoa mimi? Na nilikuwa na sauti kukuzidi?"

"Ulikuwa na kelele."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Haya, nikuulize. Enzi zile ulilia tukufungulie utoke Mtinko. Leo naambiwa unalia urudishwe Mtinko. Wewe mwanamke unataka nini?"

Mwanangu aliacha kutafuna. Akamwambia binti yake aurudie, lakini atoe ngoma. Binti akabonyeza. Mwanangu Kinyaturu anakijua, nilimnyonyesha nacho. Alisikiliza ameinamia sahani, na yule mtoto aliyekuwa akikoroma mgongoni alikuwa ni yeye, ingawa hilo sikumwambia. Hakuniuliza mimi. Aliiuliza simu.

"Shangazi, mama alikuwa akiyasema haya?"

"Hakuyasema," wifi akamjibu. "Aliimba. Angeyasema tungemjibu vingine."

Niliwaza kwamba kwa desturi yetu mambo yameisha hapo. Wimbo umeimbwa, hauulizwi. Lakini Mandewa hakuna uwanja wa kupuria. Nikisubiri mtama ndio niimbe, nitazikwa na vigae. Nikakaa sawa kwenye kochi.

"Baba," nikamwambia mwanangu, "hapa nasema, siimbi. Nataka kurudi nyumbani kwangu. Nataka niwe kule kabla watu hawajapanda."

"Kaa kwanza, mama, mpaka—"

Na wifi, kule Unyambwa, akadakia kwa Kinyaturu, kwa mlio uleule: mtama haujaisha. Nadhani hata yeye hakukusudia. Mdomo ulizoea. Mjukuu alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Mwanangu aliangalia simu, akaniangalia mimi, na nilimwona akiisikia ile "kaa" yake mwenyewe ikikaa mahali ilipotolewa ile ya mawifi.

Akanawa mikono kabla ugali haujaisha. Akasema taratibu, "Mama, ni choo."

"Choo nakijua. Nilikuwa naingia humo wewe hujazaliwa."

"Ukianguka humo nani atakuokota?"

Wifi akasema salio lake linakwisha, akakata.

Baadaye mjukuu alikuja chumbani kwangu na kompyuta kifuani. Alikuwa amemuuliza baba yake maana ya maneno, na uso wake ulikuwa mdogo. Akaniuliza kama awarudishe waitikiaji, wimbo uwe kama ulivyokuwa. Nikamwambia awaache hukohuko walikowekwa. Na ngoma? Nikamwambia ngoma aitoe, akacheze na nyimbo za wasio na bibi. Akasema, "Sawa, mke mwenzangu," lakini hakuondoka. Alikaa miguuni mwangu akaniomba nimfundishe kuyatamka yale maneno vizuri. Nikamfundisha. Anayatamka kama mtu mwenye jino bovu.

Siku zikapita, mwanangu akinipita na shikamoo na marahaba, basi. Nikasema moyoni nimesema, na kusema nako kumbe hakufungui kitu. Kisha jioni moja alitoka kazini akasimama mlangoni kwangu bila kuingia, viatu bado miguuni.

"Mama, choo cha kule mlango unafungukia ndani au nje?"

"Nje."

"Kiti cha mbao chenye tundu kinaweza kupita?"

"Ukipita wewe ulivyonenepa, kiti kitapita."

Hakucheka. Aliuliza nguzo za pembeni ni za mti gani, kama zinashika msumari. Nikamwambia fundi wake aje na nyundo, si maneno, zile nguzo ni ngumu. Akasimama kidogo akikuna kidevu, akaenda kula. Hakusema lini, nami sikumuuliza. Ukimuuliza mtu mara mbili unampa nafasi ya kukujibu vingine.

Asubuhi geti lilifungwa kwa kufuli kama kawaida. Mjukuu wangu alikuwa bado amelala. Nilizikunja nguo zangu nikazitia kwenye mfuko uleule, na ndala ya kushoto, na kanda. Nikaketi kitandani kuangalia tangi la jirani. Mbuzi wa watu wakapita, nikawasikia.