Walipoiondoa Kwaya Kwenye Wimbo Wangu

Namtaja kwanza mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, maana ndiye aliyeanza kukosa. Kule machimboni Nzega tulimwambia mara tatu kuta zinatema mchanga, alete matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Akasema tunadeka. Duara lilipoporomoka, kifusi kikanitenga na mdogo wangu. Yeye akawa anagonga kwa nyundo, mimi nampigia kelele: gonga, mdogo wangu, bado nakusikia. Aligonga tangu asubuhi. Mimi nikatolewa hai. Mama nikamwambia mwanao alikufa palepale.

Kelele zile ziliniua koo. Kwaya yetu ya Tabora mjini, niliyoiimbia tangu nimeachia shule darasa la nne, ikanikataa. "Ndugu yangu, unakwaruza kama trekta," mwalimu alisema, na akina mama wakacheka kweli; jina la trekta likanibakia. Walionipokea ni vijana wa kanisa hilohilo waliokuwa wanapiga metali: magitaa ya kunguruma, ngoma za kupasua kichwa, na anayeimbiwa ni Yesu. Wazee wa kanisa wakauita muziki wa mapepo. Lakini vijana wale walilitaka koo langu vilevile lilivyoharibika.

Nikatunga wimbo mmoja. Ngoma inagonga kama nyundo ile, mimi naunguruma maneno ya shimoni, na juu yangu akina mama wanne wa kwaya ileile wanaimba zaburi. Siku tulipouimba, mama yangu alikaa benchi la mbele akasikia zaburi tu. Ndivyo nilivyotaka. Yale mengine yalikuwa kati yangu na Mungu na marehemu.

Mkosaji wa pili ni kiongozi wetu, mpiga gitaa. Aliupeleka wimbo Dar kwa fundi wa studio, naye ndiye wa tatu. Wakaona zaburi inauzuia usipigwe baa. Wakaiondoa, wakaisafisha sauti yangu, wakaileta mbele. Ukashika: bodaboda, saluni, stendi, kote.

"Braza, tumetoka!" mpiga gitaa akanipigia simu.

"Na Yesu mmemwacha wapi?"

"Yumo moyoni, braza. Usiwe mshamba."

Nyumbani nikatoa betri za redio, nikamwambia mama imekufa. Nikamzuia hata kwenda sokoni, nasingizia jua. Mwanaume mzima nilikuwa namficha mama yangu wimbo!

Lakini harusi ya mpwa wangu kule Isikizya ningemzuiaje? Mchana, maturubai yamejaa, MC akaupiga wakati wa kuleta zawadi. Watu wakainuka na madoti ya kitenge kichwani, wanaruka. Sauti yangu ikatoka spika zote mbili, neno kwa neno: gonga, mdogo wangu, bado nakusikia.

Mama aliweka sahani chini.

"Baba."

"Naam, Mayu."

"Huyo ni wewe. Na anayegonga?"

Nikaisogeza sahani yake pembeni.

"Uliniambia palepale."

MC akaniona. "Mwenye wimbo yuko hapa jamani! Mzee wa trekta, simama tukuone!" Wakapiga vigelegele. Mama akanishika mkono wa shati.

"Kaa. Aligonga mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu alikuwa anafanya nini nyumbani saa zile. Wimbo ukaisha, wakaweka mwingine.

"Nenda kamwambie yule kijana aurudie," akasema. "Sikumsikia mwanangu vizuri."

Nikapita katikati ya wachezaji, nikamwomba.