Siku Nilipopeleka Pete Yangu Kupima Hisa

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine, maana hapa La Rochelle, mtaa wetu huku kwenye nchi ya randi, inasimuliwa vibaya, kuna wanaosema nilifukuzwa na mume, kuna wanaosema nimenunua duka zima la rehani, na mmoja nilimkuta saluni akiisimulia kwa kujiamini kabisa mbele yangu bila kujua kwamba mhusika ni mimi. Sikufukuzwa na sikununua. Lakini mpaka leo nikikaa peke yangu na cherehani yangu sielewi vizuri ni saa ngapi hasa mambo yalianza kupinda.

Mimi ni fundi wa nguo, kwetu Morogoro, nilikuja huku na mume wangu Themba, ambaye ni wa hapa ila alizaliwa kwetu, mtoto wa wakimbizi wa siasa, kwa hiyo Kiswahili anakijua kuliko watoto wetu wenyewe (Lindiwe, mkubwa, nikimsemesha ananijibu Kiingereza, nimeshamwachia Mungu). Watu wananiita Mama Lindiwe, na jina hilo nimelijenga kwa miaka: sikopi ovyo, sibishi hodi kwa mtu mwisho wa mwezi, sare za kwaya nazimaliza kwa wakati. Ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu, jina ndiyo mali uliyonayo, na mimi langu nilikuwa nalilinda kweli kweli.

Sasa, sisi watu saba tuna kikundi cha akiba, mwaka wa nne huu, na fedha zilikuwa zimelala tu benki. Katibu wetu ni Mwalimu Kamau, Mkenya anayefundisha chuoni Braamfontein, mtu mpole anayependa makaratasi. Akatuletea wazo tununue hisa za kampuni yenye maduka ya rehani, yale ya barabarani ambako mtu anaacha televisheni yake anapewa fedha, akirudi ndani ya mwezi akalipa na riba anaichukua, asiporudi wanaiuza. Akatugawia ripoti ya kampuni, kurasa nyingi, na picha za watu wanaocheka.

"Si mnaona hii faida?" akasema. "Mwaka huu imepanda. Mwaka jana pia ilipanda. Watu wakikosa pesa, hawa ndio wanapata."

"Sasa tukinunua," akauliza Maman Solange (msusi, Mkongomani wa Lubumbashi, ndiye anayetunza mfuko wetu), "zile televisheni zinabakiaka pale, na sisi tutapata moya-moya?"

Mwalimu akasema hapana, hisa si televisheni. Akaeleza gawio la faida, akaeleza mtaji, akaeleza kwamba tutakuwa wenye kampuni lakini hatuwezi kuingia dukani tukabeba hata pasi, na kwamba bei ikipanda tumepata ingawa hatujashika kitu mkononi, na ikishuka tumepoteza ingawa hakuna aliyetuibia. Tukatikisa vichwa kama tulioelewa, wote saba, na Mwalimu akiwemo, nadhani kwa mazoea. Mimi nikawaambia ukweli: kitambaa sinunui bila kukishika. Duka moja la kampuni hiyo liko barabara kuu, dakika kumi kwa miguu toka kwangu, basi niacheni nikaliangalie. Tukakubaliana kura tupige Jumapili jioni, na mpaka hapo mtu asitamke neno nje, hata kwa mume, maana watu wakisikia mna fedha ya hisa, kesho yake kila mtu ana mgonjwa.

Alhamisi nikavaa vizuri nikaenda, na nawaapia nilikusudia kuangalia tu. Lakini duka lile halina nafasi ya mtu wa kuangalia tu: upande huu magita, madrili, vigari vya watoto na simu ndani ya kabati la kioo, upande ule dirisha lenye nondo na foleni ya watu wasiotazamana. Nikasimama katikati nahesabu watu, nahesabu na kamera za ukutani, naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Mlinzi akaanza kunisogelea. (Na wewe ungemwona mama mnene anahesabu kamera na kuandika, ungemsogelea.) Binti wa dirishani, mwenye kucha ndefu, akaniita kwa Kizulu: "Mama, nikusaidie? Unauza au unaweka?"

Ningeweza kusema naulizia bei, au nimepotea, au hata nikatoka mbio, nisingekuwa wa kwanza. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema naweka, na kwa kuwa sikuwa na cha kuweka isipokuwa funguo na daftari, mkono wenyewe ukavua pete ya ndoa ukaipitisha chini ya kioo.

Pete ikapimwa, ikasuguliwa kwenye jiwe, ikatiwa kwenye kibahasha, nami nikatoa kitambulisho, nikaweka kidole, nikatia sahihi, fedha hizi hapa na karatasi hii hapa, siku thelathini. Kichwani najisifu, nasema Mama Lindiwe leo umefanya utafiti ambao Mwalimu na shahada zake zote hajaufanya. Nikaamua pete ikae mpaka Jumatatu ili nijue na ukombozi wake unakwendaje. Themba hataona, baridi ya Julai hii kila mtu yuko ndani ya glavu. Nilipotoka, mlinzi wa duka la fanicha la jirani akanipungia mkono. Alikuwa Esperance, dada wa Kirundi tunayesali naye, na toka pale mlangoni kwake anaona dirisha la rehani lote. Nikampungia na mimi, kwa mkono ule ule mtupu.

Esperance akamwambia mke wa mchungaji, kwa upendo kabisa. Mke wa mchungaji akafungua grupu jipya kwenye simu, "Tumshike Mkono Mama Lindiwe". Mnaijua michango yetu: wa kwanza anaandika jina lake na kiasi, wa pili anaikopi orodha na kuongeza lake, na ukichelewa kujitokeza kila mtu anaona hupo. Mimi hawakuniweka, ni kawaida. Ila walimweka Themba, wakidhani mwenye nyumba ana haki ya kujulishwa.

Ijumaa asubuhi Themba anakunywa chai, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Mke wangu, una shida gani?"

"Sina shida."

"Eish. Watu ishirini na sita wanasema unayo."

Akanionyesha. Imeandikwa nimeuza mpaka pete ya ndoa na wasiniulize maswali, wataniongezea machungu. Themba akaitazama mikono yangu, nimeshika kikombe cha chai ndani ya nyumba nikiwa na glavu.

"Vua."

Nikavua. Nikamwambia, "Siwezi kukueleza mpaka Jumapili." (Sasa hivi najua hakuna mwanamke aliyewahi kujiokoa kwa sentensi hiyo.) Akachukua kofia akaenda kwa kaka yake bila kumaliza chai.

Nikabaki na simu yake aliyoisahau mezani, naiteremsha ile orodha, na nani naona? Namba kumi na saba, Mwalimu Kamau, randi mia tatu. Namba kumi na nane, Maman Solange, mia mbili pamoja na sala. Wale wale wanaojua! Nikampigia Mwalimu nusura nipasuke.

"Ningefanyaje?" akasema. "Wote wameandika. Nikikosa kuandika wataniuliza, na nikiulizwa lazima nidanganye, na mimi kudanganya siwezi."

Kabla sijamjibu, Solange naye anapiga. "Dada, niambie kweli. Ile ni bourse, zile hisa, ao ni njala?"

"Solange, si ulikuwepo kwenye mkutano?"

"Nilikuwa. Lakini sikusikia muzuri ile mambo. Kama ni njala usifiche, miye niko dada yako."

Mpaka akakata simu sikuwa na uhakika ameniamini, na nilipoangalia orodha tena ameongeza mia.

Jumapili sikwenda kanisani, niliona haya. Nilidhani nikikaa ndani jambo litapoa, kumbe kutoonekana kwangu ndiko kulikowathibitishia kwamba hali ni mbaya mno. Saa nane mchana nikasikia wimbo unatoka barabarani. Nikachungulia: mchungaji na mke wake mbele, nyuma kwaya nzima ndani ya sare nilizozishona mimi, mfuko mkubwa wa unga kichwani kwa mtu, mafuta, kabichi, blanketi. Majirani wametoka kwenye vibaraza. Themba, aliyekuwa amerudi tangu jana bila kunisemesha, akafungua geti akasimama amekunja mikono. Nyuma kabisa wapo Mwalimu na Solange, wanaimba.

Mchungaji akasema maneno mazuri, sikumbuki hata moja. Bahasha wakampa Esperance anikabidhi, yeye aliyeona wa kwanza, naye alikuwa kwenye sare yake ya ulinzi maana alitoroka kazini kidogo.

"Mama, usione haya," akaniambia taratibu. "Na mimi ninawekaga vitu pale pale."

Hapo ndipo nilipotaka kulia kweli, na watu walipoona machozi na wao wakaanza kulia. Ningesema asante tu, yangeisha. Lakini Themba akasema, "Na mimi ningependa kusikia shida yenyewe." Nikamtazama Mwalimu, Mwalimu akaitazama kabichi. Basi nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba sina shida, tuna chakula, tuna amani ya ndoa (tulikuwa nayo mpaka Alhamisi), nilikwenda kulipima duka kwa sababu kikundi chetu kinafikiria kununua hisa zake, nikaogopa mlinzi, nikavua pete.

Mwenye mfuko wa unga akautua chini.

"Hisa za duka la rehani?" akauliza mchungaji.

"Ndiyo."

"Lile lenye gita langu?" akauliza mtu wa kwaya.

Mwingine akataka kujua kama tukinunua tutawapunguzia riba, mwingine akauliza kiingilio ni randi ngapi na yeye aingie, na Mwalimu, Mungu amsaidie, akajitokeza mbele na kuanza kuwaeleza gawio kutoka mwanzo, uani kwangu, mbele ya mfuko wa unga. Esperance alikuwa bado amesimama mbele yangu.

"Kwa hiyo, mama, ile riba ninalipaga, itakuja kwako?"

Nikageuka kwa Mwalimu.

"Kidogo," akasema Mwalimu. "Sehemu ndogo sana."

Esperance akatikisa kichwa polepole, akasema sawa, akarudi kazini.

Vitu wakakataa kuvirudisha, wakasema kilichotolewa kwa Mungu hakirudi. (Unga ule tuliula wiki sita, na kila Themba akisonga ugali ananiita, "Njoo ule gawio." Ndivyo nilivyojua amenisamehe.) Jioni kikundi tukakaa kupiga kura. Mwalimu akaomba taarifa yangu, biashara ya duka inakwendaje, nikasema inakwenda vizuri mno, foleni haikatiki. Watatu wakanyoosha mkono kununua, watatu wakakataa, wote wakanigeukia mimi. Nikakataa. Nilikataa kwa akili au kwa aibu, mpaka leo sijui, na Mwalimu bado ananitumia ile bei kila inapopanda, na inapanda.

Jumatatu nikaenda kukomboa pete. Binti wa kucha akanikumbuka, akatabasamu. Kutoka nje, Esperance yuko mlangoni kwake, pumzi inamtoka nyeupe kwa baridi. Nikamwendea nimwombe radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno toka nyumbani. Akaniwahi.

"Mama, samahani, nina neno. Ile hita yangu ya gesi niliiweka Ijumaa, nipate ya kukuchangia. Uwaambie watu wako wasiiuze haraka. Kwangu kuna baridi, na mtoto."

Nikamwambia sina watu mle, kura ilikuwa hapana, mimi si mwenye duka. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kama anavyomsikiliza mkubwa wake wa kazi, kisha akasema, "Ndiyo, mama. Lakini uwaambie."

Nikataka kwenda kuikomboa mwenyewe, wakakataa, lazima awepo aliyetia kidole. Basi nikamsubiri nje mpaka mapumziko yake ya mchana, saa tatu nzima kwenye baridi ile, tukapanga foleni wawili, akatia kidole, nikalipa, tukaibeba ile hita mimi upande huu na yeye upande ule, barabara kuu yote mpaka chumbani kwake. Njiani hakunisema vibaya hata mara moja. Alinishukuru. Alinishukuru mara tatu, na kila akinishukuru nilitamani anitukane.

Nimeapa mbele ya Themba na sasa naapa mbele yenu: sitaigiza tena shida mbele ya watu wanaozijua shida. Hisa tutazipima kwa makaratasi, na tukishindwa kuyasoma, tutaziacha.