Mzungu Aliyerudisha Fuvu Sidab

Nnaapa kwa Aliyeniumba, haya hayakuwa ndoto, wala jua halikunipiga kichwani.

Mimi ni mtaalamu wa mambo ya kale, na nnasema hivyo kifua mbele. Msimu ule nilikuwa naongoza uchimbaji wa makaburi ya kale, milimani nyuma ya Sidab, kijiji cha wavuvi katika pwani hii ya Waarabu. Kaburi kubwa kuliko yote lilikuwa na mifupa yote ila fuvu. Tulijua kwa nini. Katika karne ya kumi na tisa msomi mmoja wa Kiingereza alipita hapa, akachukua alichotaka, kisha akaandika kwamba waliolala pale ni wageni waliokuja kwa bahari, kwani wenyeji hawana akili ya kujenga namna ile.

Alasiri moja wenzangu walishuka kusali. Mimi siku ile sikuwa na sala, nikabaki. Nilipoinua uso, mzungu amesimama ukingoni mwa kaburi. Koti zito la sufu, kofia ngumu, ndevu mpaka kifuani. Joto lote lile, na hana hata tone la jasho. Wewe ungefanyaje? Mimi nilisoma Ayatul Kursi. Hakuondoka.

"Bibi," akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja, kile mababu zetu walichorudi nacho huku, "hawa ni watu gani?"

 Niamini, swali lile lilinichoma. Umri wangu wote nimesoma ili nilijibu.

"Watu wa hapa hapa," nikasema. "Udongo wa vyungu vyao ni wa bonde hili. Mawe wameyakata kwenye mlima huu. Hawakujengewa na mtu."

"Mimi niliandika vingine."

"Nnajua. Nimekusoma. Ulikosea."

Akainamisha kichwa. "Kila nikifumba macho wananijia, wananiuliza kwa nini nimewaita wageni kwao."

Akanipa kitu kilichofungwa kitambaa. Nilikipokea kwa mkono wa kulia, ubaridi ukapanda mpaka begani. Nikafungua: fuvu. Kuinua macho, hapana mtu, wala alama ya kiatu vumbini.

Wenzangu walirudi wakanikuta nimelishika. Tukaliweka shingoni mwa ile mifupa, likakaa barabara. Maabara nayo ikathibitisha ni la mtu yule yule. Limefikaje? Katika ripoti hakuna aliyethubutu kuandika.

Nyumbani Mawaleh nilimweleza mama yangu kuwa nimetokewa na mzungu, naye akaushika mkono wangu. "Mbona baridi hivi? Alikuuliza nini huyo?"

"Wale ni nani."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia."

"Usoni pake?"

"Usoni pake, Mama."

Akacheka polepole. "Basi wacha upoe. Umewasemea."

Mkono haujapata moto mpaka leo, hata mwezi wa sita, joto la huku linapokuwa kali kuliko yote. Mume wangu huuweka shingoni pake akitoka kazini. Mimi siuonei haya.

Nawe ukipita kwenye makaburi ya kale, usitie kitu mfukoni, hata kigae. Wenyewe wapo, na subira yao ni kubwa kuliko yetu. Na ukiulizwa nani kajenga, hata kama anayekuuliza hana kivuli, usimung'unye maneno. Wataje.