Viola Isiyotakiwa Kusikika

Nilikuwa na hasira siku ile, na mpaka leo haijaniisha.

Tulikuwa wanne tukipiga muziki saa za chai ya alasiri katika hoteli moja ya mtaa wa Al Barsha, huko Uarabuni: violini mbili, selo ile kubwa ya sauti ya chini, na mimi na viola yangu, ambayo ni kama violini iliyonenepa kidogo, sauti yake nzito zaidi. Kibao nilichokipenda kilikuwa cha zamani sana, cha enzi ambayo muziki wa nyuzi wa watu wanne ndio kwanza unazaliwa. Kina sehemu tano fupi: za mbio mwanzo na mwisho, minueti mbili za kuchezea dansi ya heshima, na katikati wimbo wa taratibu. Ni muziki mchangamfu, hauna makuu. Violini ya kwanza ndiyo inayojidai, sisi wengine tunaibeba. Viola mara nyingi inafuata selo noti kwa noti, ila juu yake. Ukisikiliza kijuujuu utasema haina kazi. Lakini iondoe uone: selo inanguruma peke yake huko chini, violini zinaelea, na katikati hakuna mtu.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa Mkenya kama mimi. Mgeni mmoja alikuwa amelalamika kwamba kwa kelele zetu hasikii anachoambiwa na mkewe. Basi msimamizi akanijia nikifungua mkoba wangu.

"Dada, wewe si unarudia tu ile kitu jamaa wa selo anapiga? Leo usipige. Kaa hapo, smile, songesha hiyo fimbo hewani. Khalas, imeisha."

"Si basi niende nyumbani?"

"Hapana, wageni wanataka kuona watu wanne. Wanapiga picha."

Nikasema, "Sawa, sir," kwa sababu watu walikuwa wanapita. Miaka yote ile ya mazoezi kwenye stoo ya kanisa, shingo ikichubuka, ili mtu wa kwetu aje aniweke pale kama ua la plastiki! Angeniambia napiga vibaya ningelia, halafu ningefanya mazoezi.

Sehemu ya kwanza nilitii. Upinde ulipita juu ya nyuzi bila kuzigusa, na mama mmoja akanipiga picha. Minueti ya kwanza vilevile. Mwenzangu wa selo alinitazama kama aliyeachwa njiani. Ilipofika ile ya taratibu, violini ya kwanza ikaanza kuimba na chini yake pakawa na shimo. Nikashindwa kuvumilia. Nikashusha upinde, nikapiga kila noti mpaka mwisho, kwa nguvu kuliko siku zote. Kama ni kufukuzwa, wanifukuze.

Tulipomaliza msimamizi alinijia moja kwa moja. Nilishasimama, maneno yote yako mdomoni.

"Si umeona?" akasema, akitabasamu. "Leo imetulia kabisa bila hiyo yako. Kesho fanya tu hivyo hivyo."