Kamba Iliyokunjwa Katikati

Ninyi vijana mnaowasha mbabula, jiko letu la makaa, bila kuitazama, kaeni chini musome. Shuleni sikufika mbali. Nilichojua nilikijua kwa vidole.

Siku ya kwanza katika atelye ya kutengeneza mbabula kule Kanyosha, shefu, mkuu wetu, alinipa kamba yenye mafundo. Fundo la kwanza, upana wa chumba cha moto. La pili, kimo. La tatu, njia ya hewa kati ya chungu cha ndani na bati la nje. Hewa baridi iliingilia juu, ikateremka ikiambaa chungu, ikafika chini ya makala yanayowaka imekwisha kupata joto. Joto lililotaka kutoroka lilirudishwa kazini.

"Tukifanya ya mraba, shefu? Bati lake ni rahisi kukata," nilimwuliza.

"Apana. Pembe zinabaki baridi, masizi yanajenga mule. We fanya duara. Na moto mudogo ni kama mutoto mchanga, mama: mwili kidogo, ngozi mingi, unapoa mbio. Ukipunguza chumba, usipunguze njia ya hewa. Kidole kisipoingia, moto hautapumua."

Nilijaribu kila mbabula kwa kidole, hata wenzangu wakaniita Madamu Kidole.

Baadaye wenye atelye walinihamishia Ruziba, nikawa msimamizi wa tanuri la kuchomea vyungu vya mbabula. Msimamizi haulizwi na mtu. Hapo ndipo nilipoharibika.

Binti yangu Spesi aliuza chai mtaani Rohero. "Mama, mi nachoka kubeba hii tembo yako ya mbabula. Nifanyie ndogo, ya mukono mumoja."

"Tembo hiyo ndiyo inakulisha, we!"

"Basi izae mutoto."

Nilikuwa na haraka. Nikakunja kamba katikati, kila kipimo kikawa nusu, na kile cha hewa pia. Sikutia kidole. Mimi, Madamu Kidole.

Asubuhi moja ya mvua, jirani alimwona Spesi uani akiipepea. Makala hayakushika, yalifukafuka tu. Spesi akaiingiza ndani, akafunga mlango ili upepo usiizime. Jirani aliporudi kuchukua chai yake, sufuria ilikuwa haijachemka, na mwanangu amelala kando yake. Hakuamka. Makala yanayoungua nusu hutoa sumu isiyo na harufu.

Shefu wa Kanyosha alikuja msibani. Aliishika ile mbabula, akajaribu kidole, kikagoma. Akaiweka chini polepole. Angenitukana, ningepata nafuu.

Nilifanya kazi mpaka uzee uliponishika. Watu husema Mungu alipanga. Sibishani nao, lakini kamba niliikunja mimi. Wala musijidanganye kwamba mbabula iliyopimwa vizuri haiui. Mlango ukifungwa, nayo inaua.

Siku niliyoacha kazi, niliita watoto na wajukuu, nikaiweka ile mbabula ndogo kizingitini.

"Makala hayavuki hapa," niliwaambia. "Mvua ikinyesha, tutakula baridi."