Mboga Iliyopumua Siku ya Posa

Kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, na mtasikia, maana Watanzania wa huku Minnesota habari zinawafikia kabla ya basi, acheni niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyemwambia shangazi wa bwana harusi kwamba majani makavu ya mti ni mboga. Nimeona haya mpaka haya yenyewe imenichoka. Lakini hasira bado ninayo, na hasira hiyo ina mwenyewe, nitamtaja.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, siku ambayo upande wa mwanaume walikuwa wanakuja kwetu Richfield kuleta barua ya posa ya mdogo wangu Salome. Walishaahirisha mara moja. Shangazi wa huyo kijana, Shangazi Matilda wa Coon Rapids, ambaye akikohoa ukoo mzima wao unanyamaza, alikuwa amesema wazi kwamba sisi anatuona watu wa mdomo mwingi, na kwamba atakuja aone kwa macho yake ndipo barua itoke. Salome alikuwa hajala kitu cha maana tangu Ijumaa. Wazazi wetu wako Dodoma, kwa hiyo mama wa shughuli nilikuwa mimi.

Friza yangu ilijaa nyama ya mbuzi, na sisi huku baridi ikishaingia hatuhangaiki, kitu unakiweka balkoni kinaganda chenyewe bure. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka mifuko yangu ya majani ya kunde tulizolima kiangazi mimi na Salome (hilo ni kweli kabisa, uongo unakuja). Asubuhi mapema nikatoka na kandambili, nikabeba mifuko mitatu ya juu bila kuifuta barafu nione ndani, nikaitupa kwenye beseni jikoni iyeyuke, nikarudi kwenye pilau. Kufuta mfuko ni sekunde mbili. Sikufuta.

Wageni wakafika saa nane. Shangazi Matilda akakaa dakika tano, akasema hawezi kukaa kama bosi wakati wenzake wanapika, akaja jikoni (ukaguzi huo, nani hajui). Basi nikaanza kumpamba Salome, kwamba kunde hizi kapanda yeye, kapalilia yeye, kachuma yeye, mimi hata jembe sikushika. Akasema vizuri, hebu tuzione, akachukua mfuko wa kwanza akaumimina kwenye bakuli.

Yakaanguka majani ya kahawia, vijiti na tope.

Mtu mwenye akili angesema hajui hiki ni nini. Mimi nikasema, "Hii ni mboga ya wenyeji wa huku, shangazi. Ukiiunga na karanga ni tamu sana."

Akaokota jani moja, akaligeuza. "Mama Upendo, haya majani mimi nayazoa uani kwangu kila mwaka. Mifuko kumi na miwili."

Hapo ningenyamaza yangekuwa mengine, lakini mdomo wangu hauna breki, nikamwambia ya kwake ni ya mti dume, haya ni ya mti jike, tena yanatibu kifua. Nikiwa katikati ya kifua, donge moja lililokuwa kwenye yale majani, ambalo nilikuwa nimeshajiandaa kulieleza kama kiungo, likanyoosha mguu.

Nilipiga ukelele uliowaleta wote jikoni. Ni chura. Amekaa kwenye bakuli langu la wageni, macho wazi, koo linapanda na kushuka. Salome hakumtazama chura, alinitazama mimi, na nyuma yake nikamwona mshenga, ambaye bahasha alikuwa ameshaishika mkononi, akiirudisha taratibu mfukoni mwa koti.

Ndipo binti yangu Upendo, ana miaka minane, akapenya katikati ya watu analia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba nimemwamsha chura wake na wakati wake bado. Yote yakatoka. Shuleni walifundishwa wanyama wanavyouvuka msimu wa baridi, na Jumamosi yeye na baba yake wamemkuta huyu kwenye kijisitu nyuma ya jengo letu, chini ya majani, mgumu kama jiwe, wakamtia kwenye mfuko wangu, kwenye balkoni yangu, juu ya chakula changu, ili Jumatatu akamwonyeshe mwalimu. Na Baba Upendo alikuwa wapi wakati huo? Mlangoni, anatazama soksi zake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijua nitapiga kelele. Mwanaume mzima, ana ndevu.

Shangazi Matilda akainama kwa mtoto, akamuuliza huyu aliwezaje kuganda asife. Upendo akafuta makamasi, akaeleza: dubu analala tu na mafuta yake, kobe wa ziwani anakaa chini ya barafu, lakini huyu anaganda kweli, hapumui, moyo unasimama, ila mwilini ana sukari inayomlinda, na joto likirudi moyo ndio unaanza kwanza.

Shangazi ni nesi wa miaka mingi. Akatazama lile koo, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu midomo yake ikitembea, nasi tumesimama kama ndugu wa mgonjwa.

"Anaendelea vizuri," akasema.

Akaomba koti, akatoka na Upendo kumrudisha chura kijisituni. Wageni wote dirishani wakimtazama mama wa watu na kitenge chake cha posa, amechuchumaa kwenye baridi anafukia chura kwa majani. Mimi nakoroga pilau lisilotaka kukorogwa.

Akarudi, akanawa mikono, akakaa, akamwambia mshenga, "Toa barua." Kisha akanigeukia. "Binti tunamtaka. Na wewe uongo wako nimeuona, mwanangu. Ni mkubwa, lakini hauna akili, kwa hiyo hauniogopeshi."

Sijawahi kutukanwa nikashusha pumzi namna ile. Salome alikula sahani mbili, na mimi nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu mpaka machozi. Baba Upendo bado simsemeshi vizuri. Lakini nimeapa mbele yenu: nikiulizwa nisichokijua, nitasema sijui, hata kama anayeuliza ni mkwe.